Panya Aliyepewa Damu ya Binadamu

Mwalimu, andika ubaoni neno la leo: JENI. Jeni ni agizo dogo sana la urithi lililomo mwilini, ambalo mtoto hupewa na baba na mama.

Wengi wenu mnaujua ugonjwa wa selimundu. Mtoto analia kwa maumivu ya viungo, macho yanakuwa manjano, damu inapungua, tena na tena. Huupata akirithi jeni yenye kosa kwa baba, na vile vile kwa mama. Mwaka 1910 Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alieleza habari za kijana kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake nyekundu za damu zilipinda mfano wa mundu. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba kosa lenyewe ni dogo ajabu: kipande kimoja tu kimebadilika katika hemoglobini, yaani ile protini nyekundu inayochukua oksijeni katika damu.

Basi kosa limejulikana. Dawa je? Nani atakubali dawa ngeni ijaribiwe kwanza kwa mwanawe? Wataalamu wakamtazama panya. Lakini panya haugui selimundu! Wakatia jeni ya binadamu yenye kosa katika yai la panya. Panya akazaliwa, wala hakuugua sana, kwa sababu hemoglobini yake mwenyewe ilizuia chembe zisipinde. Ni kama kutaka kuonja maji ya kisima, huku mtungi bado una maji ya mto.

Ikabidi mtungi umwagwe kwanza. Mwaka 1997 makundi mawili ya wataalamu wa Marekani yalifaulu. Walitumia panya ambao jeni zao za hemoglobini zimeharibiwa, wakawapa za binadamu, pamoja na ile yenye kosa. Panya hao waliugua kweli: chembe zikapinda, damu ikapungua, wengu ukavimba. Sisemi haya kwa furaha. Wanyama hao waliteseka, na wako watu wanaoipinga kazi hiyo.

Faida yake ilikuwa nini? Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya namna nyingine, isiyopinda chembe. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizuia, kama bawabu afungaye mlango. Mwaka 2011 wataalamu wa Boston walimwondoa bawabu huyo katika damu ya panya wenye selimundu. Hemoglobini ya tumboni ikarudi, ugonjwa ukatulia.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya watu inayofuata njia hiyo. Chembe zinazozaa damu hutolewa kwa mgonjwa, bawabu hulegezwa, na mgonjwa akiisha kupewa dawa kali hurudishiwa chembe zake. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Na wagonjwa walio wengi wako Afrika.

Sasa someni kwa sauti fungu la mtungi, kisha mwalimu aulize: kwa nini panya wa kwanza hawakuugua sana?