Rangi, Mng'ao na Kucha: Historia Fupi ya Majina Yanayochanganywa

Neno rangi ni miongoni mwa maneno yaliyobebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Asili yake ni Kiajemi, nasi tumekaa nalo muda mrefu hata hatulioni tena kuwa geni. Kwa neno hilo moja tunataja wekundu wa ua, maji mazito ya kupaka ukutani, unga wa kuchemshia ukili wa mikeka, na hata wajihi wa ngozi ya mtu. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halileti madhara, kwa kuwa msemaji na msikilizaji aghalabu wamesimama mbele ya kitu chenyewe. Lakini mfasiri aliyepewa maandishi ya kwenye chupa, mwalimu anayetayarisha somo la maarifa ya nyumbani, na mtumishi wa serikali anayekagua orodha ya bidhaa zilizoingia bandarini, hao hawana kitu mbele yao. Wana neno tu, na neno likiwa na maana nne ni wao watakaolaumiwa.

Katika makala hii tumechagua mfano mdogo, nao ni rangi ya kucha. Yumkini baadhi ya wasomaji wataona kwamba urembo ni jambo hafifu kwa jarida la istilahi. Hata hivyo, chupa hiyo inayoenea kiganjani ina dhana nyingi zinazohitaji kutenganishwa, na kama tutakavyoonyesha, kuzichanganya kumewahi kuunguza ngozi za watu.

Hina na piko

Kabla ya chupa kulikuwa na majani. Mhina, ambao wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis, umetumika tangu enzi za Misri ya kale, na jina lake tumelipata kutoka Kiarabu. Majani yake hukaushwa, husagwa, hukorogwa yakawa kama tope, kisha hupakwa mikononi, miguuni na kwenye kucha, na kuachwa kwa saa kadhaa. Tope likikwanguliwa, rangi hubaki. Ndani ya majani hayo mna kemikali iitwayo lawsoni, ambayo hushikamana na keratini, yaani protini iliyomo katika ngozi na kucha. Kwa hiyo hina haikai juu ya kucha. Imeingia ndani yake. Haifutiki kwa kitambaa, na katika kucha huondoka tu kadiri kucha inavyokua, ambayo kwa mkono wa mtu mzima ni wastani wa milimita 3 kwa mwezi.

Wanawake wa pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, walikwisha kulitambua jambo hilo katika lugha kabla ya wanakemia kulieleza. Hawasemi kwamba hina imekauka vizuri. Husema imekoza, au haikukoza. Kitenzi hicho kinaeleza rangi iliyopenya na kushika, si utando uliokaa juu. Na tofauti hiyo si ya wataalamu wa lugha peke yao. Mwislamu anayetawadha hajali hina iliyo katika kucha zake, kwa sababu maji hufika kwenye kucha yenyewe. Rangi ya chupa, kwa maoni ya wanazuoni walio wengi, ni sharti iondolewe kwanza, kwa kuwa utando wake huyazuia maji. Hapa watu wa kawaida, pasipo kamati wala kamusi, wametofautisha mambo mawili ambayo neno rangi peke yake haliwezi kuyatofautisha.

Mfano wa pili kutoka pwani una uzito zaidi. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa inayokolea ikawa nyekundu iliyoiva au kahawia. Haitoi weusi wa makaa. Wanaotaka weusi huo hutumia dawa ya kutia nywele rangi, nayo pwani huitwa piko. Aghalabu dawa hiyo huwa na kemikali ya parafenilinidiamini, ambayo nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani huiruhusu katika rangi za nywele lakini si kwa kuchora ngozi, kwa sababu yaweza kuleta malengelenge, kovu na mzio wa maisha. Katika lugha kadhaa za kigeni kitu hicho kimepewa jina lenye maana ya hina nyeusi, na watalii wengi wamenyoosha mikono yao wakidhani kwamba wanapakwa majani. Mfasiri anayelihamisha jina hilo katika Kiswahili na kuandika hina nyeusi anahamisha pia hadaa iliyomo. Kiswahili kilikuwa na majina mawili kwa vitu viwili. Wajibu wetu ulikuwa kuyalinda.

Chupa kutoka Marekani

Rangi ya kucha ya chupa ina historia nyingine kabisa. Mwaka 1911, mfanyabiashara Northam Warren wa Marekani alianza kuuza maji ya kulainisha ngozi iliyo kwenye shina la kucha. Aliyaita Cutex, jina lililofupishwa kutokana na neno la Kiingereza la ngozi hiyo. Maji hayo hayakuwa na uhusiano wowote na rangi. Mwaka 1917 kampuni hiyo ilianza kuuza pia rangi ya maji ya kucha, nayo ilikuwa nyepesi, ya kupitisha nuru, mfano wa waridi lililofifia.

Rangi tunayoijua leo ilitokana na nitroselulosi, ambayo hutengenezwa kwa kuchanganya pamba na tindikali, nayo ni ndugu wa baruti. Baada ya Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 viwanda vya Marekani vilitafuta matumizi mapya ya kemikali hiyo. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ilianza kupaka magari yake kwa rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, iliyotengenezwa na DuPont, ambayo ilikauka kwa saa chache badala ya siku nyingi. Kemia hiyohiyo ikahamia kwenye kucha: nitroselulosi huyeyushwa katika maji yanayoruka upesi hewani, yakisharuka huacha utando mgumu unaong'aa. Ndiyo sababu rangi ya kucha hunuka kama karakana ya magari, na ndiyo sababu huwaka upesi ikikaribia moto. Mwaka 1932 ndugu Charles na Joseph Revson, pamoja na mwanakemia Charles Lachman, walianzisha kampuni ya Revlon. Badala ya rangi iliyoyeyuka walitia unga wa rangi usioyeyuka, nao uliifunika kucha isionekane kabisa.

Jina la Cutex lilisafiri kuliko bidhaa yenyewe. Katika Kenya na Tanzania watu wengi husema kyuteksi kwa rangi yoyote ya kucha, hata ikitoka kiwanda gani, kama vile wengi walivyozoea kuiita kiwi dawa yoyote ya viatu. Hatuna ugomvi na mazungumzo ya mtaani. Kijana anayepita na kikapu chake cha chupa, akinadi kyuteksi, anaeleweka na wateja wake, na hilo ndilo analolihitaji. Lakini katika hati ya serikali jina la biashara ya mtu mmoja haliwezi kuwa jina la bidhaa ya wote. Karani akiandika kyuteksi ya Revlon, amekwisha kuipa kampuni moja jina la mshindani wake. Rangi ya kucha lina faida ya kueleweka mara moja, nasi tunaliunga mkono, mradi lipewe wasaidizi wa kulipunguzia mzigo.

Rangi ni moja, mng'ao ni mwingine

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala. Mtu akizipanga mezani chupa nne zenye wekundu uleule, akapaka kila moja kwenye karatasi nyeupe, ataona vitu vinne. Ya kwanza inang'aa sawasawa kama kioo. Ya pili haing'ai, imekuwa kama kitambaa cha mahameli. Ya tatu inatoa nuru laini inayogeuka kadiri karatasi inavyogeuzwa, kama ndani ya kombe la baharini. Ya nne inameta kwa nukta nyinginyingi. Wekundu ni mmoja. Kilichotofautiana ni jinsi uso wa rangi unavyoipokea na kuirudisha nuru.

Sababu zake zinajulikana. Uso laini hurudisha nuru upande mmoja, nasi twauona unang'aa. Uso wenye mikwaruzo midogo huitawanya nuru kila upande, kama ubao uliopigwa msasa kabla ya kutiwa vanishi. Katika rangi ya kucha mikwaruzo hiyo huletwa na unga wa silika. Nuru nyeupe iliyotawanyika huchanganyika na wekundu, na kwa hiyo rangi isiyong'aa huonekana imepauka kidogo hata kama unga wa rangi uliotiwa ni uleule. Mng'ao wa kombe ulipatikana zamani kutokana na magamba ya samaki, ujuzi uliojulikana Ufaransa tangu karne ya 17 katika utengenezaji wa lulu za bandia. Katika karne ya 20 vibamba vidogo vya ulanga vilivyofunikwa kwa oksidi ya titani vilishika sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Sasa tuzitazame tafsiri. Tumeona mara kadhaa rangi isiyong'aa ikitafsiriwa kuwa rangi iliyofubaa. Kufubaa ni kupoteza mng'ao uliokuwapo, kama sinia ya shaba iliyoachwa bila kusuguliwa. Mnunuzi akisoma neno hilo atadhani kwamba chupa imechacha dukani. Rangi isiyong'aa ni maneno mawili ya wazi, nayo yanatosha. Vilevile, nyekundu ya lulu ni maneno yanayojipinga, kwa sababu rangi ya lulu katika fikra za watu ni weupe. Kilichokusudiwa ni nyekundu yenye mng'ao wa lulu. Na rangi nzito ndiyo mtego mkubwa kuliko yote: yaweza kuwa rangi iliyokolea, au rangi inayofunika kucha isionekane, au maji yaliyoganda kwa sababu chupa iliachwa wazi.

Kwa upande wa majina ya rangi zenyewe lugha yetu si maskini hata kidogo. Tuna vivumishi vitatu vya asili, -eupe, -eusi na -ekundu, na vingine tumevichuma shambani na jikoni: manjano, zambarau, chungwa, kahawia, waridi. Mwaka 1994 kampuni ya Chanel ya Ufaransa ilipotoa rangi ya kucha iliyoitwa Rouge Noir, nyekundu inayokaribia weusi, ulimwengu wa urembo uliishangaa kana kwamba haijapata kuonekana. Waswahili walikuwa na jina lake tayari: damu ya mzee. Tahadhari yetu ni moja tu. Majina ya biashara, kama Fire and Ice la Revlon la mwaka 1952, hayaelezi rangi bali yanauza ndoto. Mfasiri ayaache yalivyo, kisha aongeze maelezo ya rangi kwa Kiswahili.

Kukauka na kuganda

Mwaka 2010 kampuni ya CND ya Marekani ilileta sokoni Shellac, mojawapo ya rangi za jeli zinazohitaji taa ya miali ya urujuanimno. Rangi hizo hazikauki kwa maana ya kawaida; chini ya taa kemikali zake huungana na kuwa kitu kigumu. Maelekezo yakiandikwa acha ikauke, msomaji ataiacha wazi hewani, nayo itabaki mbichi hata kesho. Na jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara yaweza kuleta mzio. Kitenzi sahihi hapa ni kuganda: igandishwe kwa taa. Hivyo tuna vitenzi vitatu kwa kazi tatu: hina hukoza, rangi ya kawaida hukauka, jeli huganda.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba anayeeleza au kulinganisha rangi za kucha ajibu maswali manne, kila moja kwa neno lake. Ni kitu gani: hina, piko, rangi ya kucha, au rangi ya jeli? Ni rangi gani: nyekundu, zambarau, damu ya mzee? Inafunikaje: inafunika kabisa, au inapitisha nuru? Ina mng'ao gani: inang'aa, haing'ai, ina mng'ao wa lulu, au inameta? Ulinganishaji wenyewe ufanywe mchana kwa nuru ya jua, juu ya karatasi ya namna moja, kwa idadi sawa ya matabaka, na baada ya rangi kukauka au kuganda. Vinginevyo mtu atapima taa na karatasi badala ya rangi.

Neno mng'ao twaliweka mbele kwa sababu linaweza kutumika nje ya kucha pia: kwa wapaka rangi za nyumba, mafundi seremala, wachapaji vitabu na wasafisha picha. Hayo ni mapendekezo, si uamuzi. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu na wafasiri walio karibu na masusi, wachora hina na mafundi wa mijini na vijijini, watuandikie maneno wanayoyasikia huko. Iwapo fundi ana neno bora kuliko haya yetu, litangulie lake.