Nani Zaidi: Bwana Msa, Willy Gamba au Joram Kiango? Historia Fupi ya Ubishi wa Wasomaji Mpakani Kobero

Muhula uliopita tuliingia darasani tukawakuta wanafunzi wetu wa mwaka wa pili katika ubishi mkali. Hawakuwa wakibishana juu ya ngeli za nomino wala juu ya vitenzi vishirikishi. Walikuwa wakibishana juu ya Final Fantasy, mfululizo wa michezo ya kompyuta ulioanzia Japani mwaka 1987, ambamo mchezaji hujivika nafsi ya mhusika na kusafiri naye katika dunia ya kubuni. Mmoja alishikilia kwamba toleo la saba, la mwaka 1997, ndilo lenye wahusika waliokamilika. Mwingine alisema matoleo ya karibuni ni mepesi mno, mtu hashindwi hata akicheza huku anasinzia. Wa tatu alilalamika kwamba watungaji huwabadilisha wahusika na dunia yao karibu kila toleo jipya, hivyo mtu akishampenda shujaa mmoja huachwa yatima. Walipotuona mlangoni walinyamaza kama watu waliofumaniwa.

Tuliwaomba waendelee. Maswali yao, yaani mhusika yupi ni bora, wapi pagumu, na kazi ipi imesukwa vizuri zaidi, hayakuwa mageni kwetu. Tuliyasikia tungali vijana, Kobero, na yaliulizwa juu ya vitabu vya Kiswahili.

Kwa wasiopafahamu, Kobero ni kituo cha mpakani cha Muyinga, eneo ambalo tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 limo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Ng'ambo yake ni Kabanga, wilaya ya Ngara, Tanzania. Mtaalamu wa isimu-jamii akifika pale atagundua jambo moja la ajabu kidogo: jirani na jirani hawahitaji Kiswahili ili kuelewana. Kirundi cha upande huu na Kihangaza cha upande ule vinasikilizana, kiasi kwamba mama muuza ndizi huvuka asubuhi na kurudi jioni bila kubadili lugha. Kiswahili pale kilikuwa lugha ya wanaopita: madereva wa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam, utingo wao, mawakala wa forodha, askari. Na madereva, wakisubiri karatasi zao siku mbili tatu, walisoma. Chini ya kiti cha lori, kando ya jeki na kopo la grisi, mlikuwa na kitabu.

Vitabu hivyo vilikuwa karibu vyote vya namna moja, nayo ni ile ambayo wahakiki wetu wameizoea kuiita riwaya pendwa. Walikuwamo mashujaa watatu ambao kila mmoja alikuwa na mfululizo wake. Mkubwa wao kwa umri ni Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi (1918–1991). Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilipata tuzo katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, kikachapishwa mwaka 1960. Vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mhusika mmoja, vitabu saba, karibu robo karne. Baada yake akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa serikali aliyezaliwa katika Kufa na Kupona (1974), wakati Dar es Salaam ilipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na Wareno walikuwa bado wanapigana Msumbiji. Katika miaka ya 1980 akavuma Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Huyu wa mwisho tulimwona kama wa kwetu kidogo, kwani Mtobwa (1958–2008) alikuwa mwenyeji wa Kigoma, mkoa unaopakana na Burundi.

Ubishi wa Kobero ulifanyika chini ya mwembe uliokuwa karibu na banda la fundi wa matairi. Swali lililopendwa lilikuwa hili: lori likiibwa hapa usiku huu, nani kati ya watatu angelipata? Utingo wote walikuwa upande wa Willy Gamba. Angefika kwa ndege, angelala hoteli nzuri, angepigana na watu sita, na kabla ya alfajiri lori lingekuwa limerudi. Fundi wa matairi alimtaka Joram, kwa hoja kwamba Joram hana mkubwa wa kumpa amri na haogopi kuipinda sheria pale inapokuwa kizuizi. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye alikuwa na sauti ndogo lakini watu walimnyamazia, alisema Willy asingepata kitu. "Hapa Kobero," alisema, "nani atamwambia ukweli mtu aliyevaa suti?" Bwana Msa angekaa na kiko chake, angeuliza habari za mazao, angemsikiliza kila mtu hadi mwisho, na siku ya tatu angejua. Bastola hana, na wala haihitaji.

Tukiangalia nyuma, ni dhahiri kwamba mwalimu yule alikuwa akitufundisha uhakiki wa uhusika, ingawa hakutumia neno hilo. Alikuwa anauliza kama mhusika anaendana na mahali alipowekwa. Na wale utingo nao walikuwa na hoja yao ambayo hatupaswi kuidharau. Msomaji ambaye mchana kutwa anasukumwa na kila mwenye kofia ya kazi ana sababu nzuri ya kumpenda shujaa asiyesukumwa.

Suala la ugumu lilikuwa na sura mbili. Ya kwanza ilikuwa lugha yenyewe. Musiba alisomeka haraka. Sentensi zake zinakimbia, na mtu mwenye Kiswahili cha sokoni aliweza kumfuata mpaka mwisho. Abdulla alikuwa mlima. Kiunguja chake kimejaa methali, utani wa barazani na maneno ambayo kwetu hayakuwahi kufika. Hata jina la kitabu lilitupoteza. Kirundi kina neno umuzimu, yaani roho ya mtu aliyekufa, nasi tukaanza kusoma tukingoja mzuka utokee. Mzuka haukutokea. Ilituchukua kurasa kadhaa kutambua kwamba mzimu wa Abdulla ni mahali, pale watu wanapopeleka nadhiri na ubani, na kwamba riwaya nzima inapambana na wepesi wa watu kuwasingizia mizimu kazi iliyofanywa na mkono wa binadamu. Jina la Kufa na Kupona nalo lilikuwa na kisa chake. Rafiki yetu mmoja alilifasiri kwa Kirundi kuwa gupfa no gukira, na kwa kuwa gukira ni kupona na pia ni kutajirika, alisoma nusu ya kitabu akisubiri Willy apate mali.

Sura ya pili ya ugumu ni ile ya fumbo, na hapa hatuna budi kusimulia habari ya kitabu kilichochanika.

Mapema mwaka 1996 dereva mmoja aliacha Kobero nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale isiyokuwa na kurasa za mwisho. Aliahidi kuleta nyingine safari ijayo. Tarehe 31 Julai mwaka huo nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi baada ya mapinduzi ya mwezi ule, na malori hayakuja tena. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999. Kwa muda wa miaka miwili na nusu, katika wakati wa vita na wa uhaba wa sukari, chumvi na mafuta ya taa, kijiji kilikuwa na maiti ya kwenye riwaya na hakikujua muuaji wake. Nakala ilipita mikono mingi hata jalada likaisha. Yalizuka makundi matatu, kila moja na mshukiwa wake. (Majina ya washukiwa hatutayataja, kwa heshima ya msomaji ambaye bado hajakisoma.) Watu waliokuwa hawajawahi kumaliza kitabu cha Kiswahili walikisoma hiki mara nne, mara tano, wakitafuta kidokezo kilichowapita. Binti mmoja wa darasa la sita aliorodhesha nani alikuwa wapi na saa ngapi, akamfunga mdomo fundi wa matairi mbele ya watu.

Malori yaliporudi, mwisho wa kitabu haukuja kama kitabu. Ulikuja katika daftari la shule. Mtu mmoja Ngara alikuwa amezinakili kurasa zile kwa mkono, kwa kalamu ya buluu, na madaraja yake ya aya yamepinda. Zilisomwa kwa sauti chini ya mwembe. Makundi mawili yalikosea kabisa, na la tatu lilipatia kwa sababu zisizo sahihi. Lakini ubishi haukufa, ulihama. Sasa watu hawakuuliza tena nani aliua. Walijadili kama mwandishi alimtendea haki msomaji. Je, alituwekea mezani vyote alivyokuwa navyo Bwana Msa, au kuna alichoficha mfukoni? Fundi wa matairi alidai tumeibiwa. Mwalimu mstaafu alikichukua kile kitabu, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kuonyesha: hapa alisema, na hapa, na hapa, nyinyi mlikuwa mnakimbia.

Hilo ni swali la msuko. Tumekaa katika semina nyingi za fasihi tangu siku ile, na si mara nyingi tumelisikia likijadiliwa kwa bidii kama ile.

Wapenzi wa hadithi za upelelezi kwingineko wana historia ndefu ya namna hii. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wa London walimjia juu, na mwaka 1903 alilazimika kumfufua. Bwana Msa ni mtoto wa ukoo huo, kiko na yote, na Najum rafiki yake anakaa mahali pa Watson. Ila Abdulla alifanya jambo ambalo Musiba hakulifanya: kadiri mfululizo ulivyoendelea, maiti zilipungua umuhimu, na mafumbo yakawa ya nasaba, ndoa na watoto wasiojua wazazi wao. Wasomaji wengi wa Kobero hawakulipenda hilo. Walitaka maiti. Na Kosa la Bwana Msa, kitabu cha mwisho cha mfululizo, kwa jina lake tu kiliwakasirisha wapenzi wake, maana shujaa hatakiwi kukosea. Sisi tunadhani hapo ndipo Abdulla anapompita Musiba. Willy Gamba ni mtu wa kupendeza, lakini ukishasoma vitabu vyake vitatu unajua atashinda, na swali linalobaki ni atawapiga wangapi. Joram yuko katikati: ana mashaka yake, ana Nuru anayemjibu kama mtu mzima mwenziwe, na mara nyingine msomaji hana hakika kama anapaswa kumtakia heri.

Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha ukanda huu, tulipendekeza kuandika tasnifu juu ya ubishi huu wa wasomaji. Tuliambiwa kwa upole kwamba hivyo ni vitabu vya kusomea kwenye basi. Tukabadili mada, tukaandika juu ya jambo lingine ambalo halikumkosesha mtu usingizi, hata sisi wenyewe. Tunakiri kwamba hatukupigania hoja yetu. Wakati ule Burundi ilikuwa imeshajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki (mwaka 2007), Kiswahili kilikuwa kimeshaingia katika shule za msingi, na sote tulikuwa tukiulizana watoto wa Gitega na Muyinga watasoma nini. Tuliandaa orodha za msamiati na mazoezi ya upatanisho wa kisarufi. Ni kazi ya lazima, nasi bado tunaifanya. Lakini wale waliokuwa chini ya mwembe hawakuwa na mtihani wowote mbele yao, na bado walikisoma kitabu kigumu mara tano.

Basi baada ya ubishi ule wa Final Fantasy tulifanya jaribio. Idara yetu ina nakala tatu za Mzimu wa Watu wa Kale. Tulizibana kurasa za mwisho kwa pini, tukaligawa darasa makundi matatu, tukawapa wiki nne. Yule aliyelalamika kwamba matoleo mapya ni mepesi ameshatuambia hiki si chepesi. Kundi moja limeanza kutengeneza jedwali la nani alikuwa wapi na saa ngapi, bila kuelekezwa na mtu. Jingine linadai pini zimewekwa mapema mno na kwamba kidokezo muhimu kimo katika kurasa zilizobanwa, jambo ambalo si kweli. Daftari la kalamu ya buluu limo katika droo ya meza yetu. Hadi tunapoipeleka makala hii kwa mhariri, wanafunzi watatu wameshakuja, mmoja mmoja na kwa siri, kuliomba. Hatujalitoa.