Kupe, Papasi na Mbwa wa Lupango

Katika lupango letu, yaani uwanja wa nyumba yetu, mtaani Kataki mjini Kalemie, mbwa aliogeshwa mchana jua likiwa kali, ili akauke kabla ya jioni. Nkambo, mama mzaa mama, alikaa kwenye kigoda, mbwa amelazwa ubavu mbele yake. Sisi watoto tulifunua masikio, tukapekua makwapa na katikati ya vidole vya miguu, maana huko ndiko kupe hupenda kujificha. Aliyeonekana alibanwa kwa kucha mbili karibu kabisa na ngozi, akavutwa polepole bila kuzungushwa, akatumbukizwa katika kopo la maji ya chumvi. Kumpasua kupe kwa vidole kulikuwa kosa la kuchapwa. Kumchoma kwa kijinga cha moto vilevile. Nilipokuja kuwa muuguzi nilisoma sababu zake: kupe akipasuka, damu yenye vijidudu hukupata mikononi; akiunguzwa, huweza kutapika alichonacho ndani ya jeraha la mnyama.

Ukali ule ulikuwa na chanzo. Watu wa upande huu wa Ziwa Tanganyika waliogopa papasi tangu zamani. Papasi si kupe wa mbwa. Ngozi yake ni laini, hukaa katika nyufa za sakafu ya udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi kisha hurudi ufani, na huweza kukaa miaka bila kula. Mwaka 1904 Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, madaktari kutoka chuo cha tiba ya kitropiki cha Liverpool, walikuwa Kongo wakiichunguza homa yake, ile inayomwacha mgonjwa siku chache halafu ikamrudia. Walionyesha kwamba papasi ndiye anayeibeba, na kwamba hata watoto wanaoanguliwa kwenye mayai yake huweza kuambukiza. Wote wawili waliugua. Todd alipona, Dutton alifia Kasongo, Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Nkambo hakuwahi kusikia jina lake. Lakini mbwa wetu hakulala ndani, na sakafu ilisiribwa upya kila ufa ulipoonekana. Kwake kutunza mbwa na kutunza sakafu ilikuwa kazi moja.

Mbwa wa kukaa ndani na kulala kwenye zulia alikuja na Albertville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati wa Wabelgiji. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na mwaka huohuo zikaletwa kwa nchi kavu boti mbili za Waingereza za kupigana na Wajerumani. Kamanda wa boti hizo, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa ametaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa, naye akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Ufaransa huwaitia wanyama haohao. Tarehe 26 Desemba boti hizo ziliiteka Kingani, boti ya Wajerumani, mbele ya mji wetu.

Kwenye nyumba za Wabelgiji mlimani, mbwa wa wakubwa aliogeshwa na boyi. Nkambo mume, yaani babu, alifanya kazi hiyo, na kutoka huko alileta nyumbani brashi, kitana cha meno ya karibu, na baada ya vita ya pili ya dunia, kopo la unga mweupe. Ulikuwa DDT. Paul Müller aligundua nguvu yake juu ya wadudu mwaka 1939, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na kwa miaka mingi watu waliupaka mpaka vichwani mwa watoto. Viroboto walikufa kweli. Paka wa nyumbani, ambaye hujisafisha kwa ulimi kutwa nzima, alimeza kila alichopakwa. Alitetemeka usiku mzima, akafa. Nkambo alilifukia kopo lile nyuma ya choo na hakuruhusu tena unga wowote uguse mnyama. Ninamheshimu kwa hilo hadi leo, maana Marekani ilipiga marufuku DDT mwaka 1972, na yeye alikuwa ameshaamua kitambo.

Kitana kilibaki. Ndicho kitu bora kilichoshuka kutoka mlimani.

Sabuni ni habari nyingine, na hapo sikubaliani naye. Alitumia sabuni ya mawese na magadi ya majivu, ileile ya kufulia. Ni kali mno kwa ngozi ya mbwa, ambayo ni nyembamba kuliko yetu, na mbwa wetu walijikuna siku nzima baada ya kuoga. Sabuni laini kidogo, maji mengi ya kusuuza, na masikio yasiingizwe maji wala kijiti: hivyo ndivyo ninavyofanya sasa. Naogeshea kwenye beseni, si ziwani, kwa sababu ya kichocho na mamba.

Siku hizi sokoni kuna dawa nyingi za kupe, nyingine za kuogeshea ng'ombe, zinazopimwa kwa kifuniko na kuuzwa katika chupa za maji zisizo na maandishi. Hizo sizinunui. Na kwenye dawa halali ya mbwa natafuta kwanza neno permetrini, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuivunja ipasavyo; tone linalomsaidia mbwa linaweza kumuua paka anayelala naye. Nikilikuta, mbwa analala chumba kingine mpaka dawa ikauke.