Urithi wa Binti katika Sheria ya Kenya

Sheria ya Urithi ya Kenya ilipitishwa mwaka 1972, lakini haikuanza kutumika hadi Julai 1981. Muda huo wa kungoja si mfupi. Ilitaja watoto pasipo kubagua wa kiume na wa kike, kama Kiswahili kinavyofanya tangu asili kwa neno mtoto. Hata hivyo sheria iyo hiyo ilimwondolea mjane haki ya kutumia mali ya marehemu pindi aolewapo tena, ilhali mgane hakuwekewa sharti hilo. Mahakamani nako mila ilitamalaki: katika shauri moja, Mahakama Kuu ya Eldoret iliwagawia wana ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5, kwa hoja kwamba hao wataolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliutengua mgawanyo huo, ikawasawazisha watoto wote.