Mtutu wa Wageni, Kitako cha Kwetu

"Shikamoo, fundi. Nikuulize jambo la mbao." Aliyeniamkia ni kijana anayelinda duka la jumla Kilwa Masoko. Mapajani amelaza bunduki ya marisau, ile ya kukoki kwa mkono ambayo walinzi huiita pampu. Kitako chake cha plastiki kimepasuka na kuzungushiwa selotepu. Tajiri wake yuko tayari kuagiza kingine, na ameambiwa vipo vya aina mbili: cha mti, au cha chuma kinachokunjwa kikalala juu ya bunduki yenyewe. Kijana alikitaka cha kukunja. Amekiona kwenye filamu. Nikamwambia achukue cha mti. Bunduki sikuigusa. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inamtaka fundi wa bunduki awe na leseni, na kazi yangu mimi ni milango, vitanda na makasia.

Nilimjibu kwa mkato kwa sababu wateja walikuwa wakiingia na kutoka. Jibu refu linaanzia kwa babu yangu mzaa baba, aliyechonga vitako vya magobore Kilwa Kivinje mpaka macho yakamshinda.

Bunduki si mzaliwa wa pwani hii. Kilwa Kisiwani waliiona Julai 1505, Wareno wa Francisco de Almeida waliposhuka wakauteka mji. Hao waliondoka 1512. Kilichoijaza Kilwa bunduki si wao, ni biashara ya karne ya 19. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiziacha bunduki za kushindilia kwa mdeki, ndiyo magobore, na kuchukua zinazoingizwa risasi kwa nyuma, na zile kuukuu zikatafutiwa soko. Soko likawa sisi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba kila mwaka bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia katika biashara ya huku. Nyingine zilipandishwa kwa misafara kutoka Kivinje hadi Ziwa Nyasa, na misafara hiyo hiyo ikirudi na pembe na watu. Sitaandika habari za gobore kwa sifa tupu. Miaka ya 1860 watumwa karibu 20,000 walipitishwa Kivinje kila mwaka, na wengi walikamatwa mbele ya mtutu huo. Babu hakupenda kulisema jambo hili mbele ya wageni, lakini sisi wajukuu alituambia.

Mtutu wa gobore ulidumu. Ukipakwa mafuta na kutundikwa moshini juu ya mafiga, ulirithiwa na mtoto na mjukuu. Kilichokufa ni mti. Kitako cha kiwandani kilitoka Ulaya na mbao za miti ya baridi. Kikikaa Kivinje masika mawili, chumvi na unyevu vikakiingia, mchwa wakakionja, kikapasuka shingoni. Shingo ndipo mahali pembamba nyuma ya mtambo, panaposhikwa kwa mkono, na ndipo teke la bunduki linapopita lote kwenda begani. Hapo ndipo mzungu alipoishia na fundi wa hapa alipoanzia.

Dawa ya kwanza ilikuwa ngozi mbichi. Unaikata mkanda, unailoweka, unaizungusha shingoni ikiwa bado laini na kuishona kwa ukano. Ikikauka inabana kuliko pete ya chuma. Nimekishika kitako cha namna hiyo nikiwa na miaka kama minane: ngozi imekuwa ngumu kama ukucha wa kasa, rangi ya asali, na manyoya machache bado yamesimama upande wa chini.

Mti ukishindikana kabisa, babu alichonga mpya. Alichagua mninga. Mninga ukishakauka hautembei: hautanuki masika, haunyauki kiangazi, kwa hiyo mtutu unakaa katika mfereji wake bila kulegea. Watu walimletea mpingo, maana ni mti wa heshima na Kilwa haina uhaba nao. Aliukataa. Mpingo ukiutia majini unazama. Bunduki yenye kitako cha mpingo inamchosha mtu kabla hajafika porini, na mti wenyewe ukipata teke unaweza kupasuka ghafla. Mpingo ni wa zumari, alisema.

Lakini siri yake haikuwa aina ya mti, ilikuwa kipande chenyewe. Hakupasua ubao ulionyooka. Alikwenda mwenyewe msituni kutafuta tawi lililopinda tangu lilipoota, kama waunda majahazi wanavyotafuta mataruma. Nyuzi za tawi hilo zinapinda pamoja na shingo ya kitako badala ya kukatwa katikati. Alilipasua kwa shoka, akalikausha kivulini mwaka mzima, akalichonga kwa tezo, akamalizia kwa kipande cha chupa na mafuta ya ufuta. Pamoja na patasi zangu za dukani, bado sijaona kitu kilichokaa vizuri zaidi begani.

Kwa nini mafundi kama yeye walihangaika na silaha iliyopitwa na wakati? Kwa sababu hiyo ndiyo tuliyoachiwa. Septemba 1888 Kivinje ilipoinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani na mawakala wake wawili wakauawa, Ulaya iliona bunduki zile zile ilizoziuza zikiigeukia. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ukapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda mpana wa Afrika, ukaacha mlango mdogo kwa zile za gumegume na baruti ya biashara, tena kupitia ghala la serikali. Maana yake ni moja: mtawala awe na bunduki ya leo, mtawaliwa abaki na ya juzi. Hassan bin Omari Makunganya aliupigania mji wetu katika hali hiyo, akanyongwa na Wajerumani Kivinje Novemba 1895 kwenye mwembe.

Miaka kumi baadaye, Julai 1905, watu wa Nandete huko Umatumbini waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya kinga dhidi ya risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ndiyo kwanza vinaenea. Waliopigana walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Mwenye gobore anamimina baruti, anatia kitambaa, anatia risasi, anashindilia kwa mdeki. Askari wa Mjerumani mwenye Mauser ameshafyatua mara kadhaa, na nyuma yake kuna bombomu. Wasomi wanakadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Nikisoma kwamba wale watu walidanganyika na maji, nakumbuka mkataba wa Brussels. Mtu aliyezuiwa bunduki inayofanana na ya adui yake atatafuta kinga mahali pengine.

Vita vya Wazungu wenyewe vilipofika, hata askari wa Kijerumani walionja ukuukuu: wengi walianza 1914 na Mauser za mwaka 1871, zenye moshi mzito unaoonyesha alipojificha mpigaji. Machi 1916 meli ya Marie iliingia Ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, imejaa silaha na risasi za Wajerumani, na mzigo ule ukatoka pale juu ya vichwa na mabega ya watu wetu. Oktoba 1917 vijana wa Kiafrika wa pande zote mbili waliuana Mahiwa kwa siku nne.

Kitako cha kukunja, kile alichokitaka kijana wa duka, nilikisikia mara ya kwanza kwa mjomba, aliyekuwa utingo wa lori. Kuanzia 1965 Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi Nachingwea, na mjomba alipeleka chakula huko. Alirudi akasema, "Bunduki za wale vijana nyingine hazina mkia." Zilikuwa na mkia, ila umekunjwa. Kitako cha namna hiyo kilibuniwa kwa askari wa miavuli na wale wanaokaa ndani ya magari ya vita, watu wasio na nafasi. Kwa kijana wa kuvuka mto Ruvuma na kupenya vichakani usiku kilikuwa na maana, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ilikuwa huru.

Mlinzi wa duka haruki kwa mwavuli. Bunduki ya marisau ina teke zito, na kitako chembamba cha chuma hulipeleka teke hilo begani na kwenye mfupa wa shavu. Mti mpana hulisambaza. Kikikunjwa, bunduki inaingia ndani ya koti. Lakini mlinzi hana cha kuficha, kazi yake ni kuonekana. Ndiyo maana nilimwambia cha mti, na ningemwambia hivyo hivyo mkulima mwenye kibali anayelinda mihogo dhidi ya nguruwe wa Liwale.

Babu alifariki na kazi yake ikafa naye. Wakati wa Mwingereza magobore yalikatiwa leseni. Daftari liliandika mwenye bunduki, aliyekichonga kitako hakuulizwa. Yeye alitia alama yake, nukta tatu za msumari wa moto chini ya shingo.

Basi wewe uliye Kivinje, Lindi, Liwale au Nachingwea, ukikuta gobore la wazee darini, lisalimishe polisi, ndiyo sheria. Lakini kabla ya kulitoa, ligeuze, upapase chini ya shingo, uandike unachokiona na jina la fundi kama mzee yeyote analikumbuka. Ukikuta nukta tatu, niulizie Kivinje kwa mafundi seremala.