Matatizo ya kiutendaji ya neva

Matatizo ya kiutendaji ya neva ni maradhi ambayo ubongo hushindwa kuendesha mwili ipasavyo, ingawa picha zake hazionyeshi jeraha. Mgonjwa hupooza kiungo, hutetemeka au hupata mishtuko inayofanana na kifafa. Hajifanyi, na kumwambia hana kitu ni kumdhuru. Katika ishara ya Hoover, ambayo madaktari hutumia kuyatambua maradhi haya na iliyoelezwa mwaka 1908, mgonjwa aliyelala chali huinua mguu wenye afya dhidi ya mkono wa daktari, na ule dhaifu hukandamiza kitanda kwa nguvu. Tiba ni maelezo ya wazi, fiziotherapia na ushauri wa kisaikolojia.

Hali jirani, inayokumba kundi, ilionekana katika shule ya Kashasha, karibu na Bukoba, kuanzia Januari 30, 1962: kicheko na kilio viliwapata wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa Machi 18.