Mruko, si Mzunguko

Anayenunua gari la mtumba huchungulia dashibodi kwanza: limetembea kilomita ngapi? Anayenunua ndege binafsi ya mtumba, tuseme Challenger 300, ile ya daraja la kati-kubwa yenye viti vya abiria wanane au tisa, hukuta hesabu mbili. Ya kwanza ni saa ilizokaa angani. Hiyo haina utata. Ya pili Waingereza huiita "saikeli", neno lenye asili ya Kigiriki, ndugu wa baisikeli yetu. Mfasiri mwenye haraka ataandika "mzunguko" na kwenda zake.

Tatizo ni kwamba injini ya jeti huzunguka maelfu ya mara kwa dakika moja. Msomaji akiambiwa ndege ina mizunguko 3,000, atawaza nini? Kinachohesabiwa ni kupaa mara moja na kutua mara moja, iwe ndege imeruka dakika 20 au saa sita. Kwa hiyo napendekeza "mruko", wingi "miruko". Linatokana na kitenzi tulicho nacho tayari, na halihitaji tanbihi.

Hesabu hii ina uzito kwa sababu ndege haichakai kama gari. Ikipanda futi 40,000, hewa ya nje huwa nyembamba na ya ndani hushindiliwa ili watu wapumue; bodi hutanuka kidogo kama puto. Ikishuka, hunywea. Chuma ukikikunja na kukikunjua mara nyingi, siku moja hukatika. Mwezi Aprili 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilichanika paa ikiwa angani, na mhudumu mmoja akafa. Ilikuwa na saa 35,496 tu, lakini miruko 89,680. Gawanya mwenyewe: wastani wa dakika 24 kwa mruko, kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Ndiyo maana Challenger mbili zenye saa 6,000 kila moja si mapacha. Yenye miruko 2,400 imezoea safari ndefu. Yenye 5,000 imekuwa daladala ya matajiri. Diski za injini nazo, zinazopata moto na kupoa kila safari, zina kikomo cha miruko: kikifika zinang'olewa hata kama zinang'aa. Na kama vitabu vya kumbukumbu havionyeshi miruko ya diski tangu ilipotoka kiwandani, diski hiyo huhesabika kama haina maisha, na bei ya ndege huporomoka. Kwangu, mnunuzi anayesifia ngozi ya viti kabla ya kufungua vitabu hivyo amekwisha kupigwa.

Nakiri neno langu lina ufa. Mkiani mwa ndege kuna injini ndogo inayozalisha umeme na hewa ya kupozea, ambayo mara nyingi huwashwa ndege ikiwa imeegeshwa chini. Nayo ina hesabu yake, ila hapo hakuna kilichoruka. Kinachohesabiwa ni kuwashwa, na kwa kanuni ile ile ingefaa tuseme "mwasho". Lakini nani atamwambia mteja mwenye mamilioni ya dola kwamba ndege yake ina miwasho 4,000?